Ng'ombe Aitwaye Wifi

4 Machi

Wifi yangu wa maabara,

Salamu nyingi kutoka nyumba hii ya kelele. Wazima tupo, ila uzima wenyewe wa kuungaunga. Pacha wameshikwa na mafua. Mmoja akipona mwenzake anaanza, utadhani wanaazimana. Kaka yako bado yuko na greda lake huko wanakochonga barabara. Anarudi mwisho wa mwezi, analala siku mbili, anaondoka. Mama hajambo, ila goti limekataa ngazi kabisa, kwa hiyo tumemhamishia chumba cha chini chenye dirisha la uani. Kutoka pale anaona kila kitu. Kila kitu, Wifi.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya nyumba hii ina masikio ya watu watano.

Jambo lenyewe ni ng'ombe. Yule mtamba uliyetuletea miaka minne iliyopita, ambaye kaka yako kwa utani alimpa cheo chako, Wifi, anaharisha. Wiki ya saba sasa. Si kuhara kwa kuchafua tu, ni kama bomba lililopasuka. Nimempa dawa ya minyoo mara mbili. Daktari wa mifugo, tunayemwita Daktari Buti kwa yale mabuti yake ya kufika magotini, amempiga sindano, kuhara kukakauka siku tatu, kukarudi. Na ajabu ni hii: anakula! Anamaliza kihori chake na kunyoosha shingo kwa jirani. Anakula, na mbavu zinahesabika. Hicho chakula kinakwenda wapi?

Mama ana maoni yake kuhusu sababu. Maoni hayo tuyaache.

Waulize wakubwa zako huko. Wewe si unashinda na damu za ng'ombe kutwa nzima?

Ni mimi, wifi yako wa zizini.


27 Machi

Wifi wa zizini, mpenzi,

Barua yako imenikuta nimehama. Sasa nina chumba juu ya duka la fundi viatu, na nyundo yake ndiyo saa yangu ya kuniamsha. Wabusu pacha, lakini mmoja mmoja, wasiendelee kuazimana. Mwambie Mama kwamba ninakula vizuri, ninalala vya kutosha, na jibu la swali la tatu bado ni hapana, wala mchumba hayupo.

Nimeisoma barua yako mara mbili, kisha nikaipeleka kazini mfukoni. Unijibu haya bila kuacha hata moja. Ana homa? Chini ya taya pana uvimbe laini, kama mfuko wa maji? Wengine bandani wako wangapi, na kila mmoja ana umri gani? Na la mwisho, usilichukulie vibaya: ndama wanapozaliwa wananyonya nani, na wanalala wapi?

Halafu nitumie kinyesi cha kila mmoja, kila kimoja kwenye kikopo chake kisafi chenye kifuniko, na damu pia. Daktari Buti anajua kuichukua. Vyote vije kwenye boksi la barafu kwa basi la asubuhi. Nitalipokea mwenyewe kituoni.

Kuna jina la ugonjwa kichwani mwangu, ila sitaki kulitaja kabla sijamwona mdudu mwenyewe kwa macho.

Wifi yako.


19 Aprili

Wifi,

Barua yako ilikaa siku kumi na moja kwenye gari la kukusanya maziwa. Dereva aliiweka juu ya kioo cha mbele akasahau, imenifikia imepauka kama nguo inayoanikwa kila siku. Mama anakusalimu. Kuhusu jibu la tatu ameguna.

Boksi limeondoka na basi la leo. Usiniulize nimekipataje hicho kinyesi. Nilisimama nyuma ya kila ng'ombe na kikopo mkononi kama abiria anayesubiri gari lisilo na ratiba, na pacha wakicheka hadi wakakaa chini.

Majibu yako sasa. Homa hana. Uvimbe chini ya taya upo! Umetokea wiki jana, unatikisika akitembea. Umejuaje na hujamwona?

Bandani wako watano. Yuko Wifi. Yuko Kaidi, yule bibi kizee niliyekuja naye kutoka kwetu nilipoolewa, anayempiga teke kila mtu isipokuwa mimi. Yuko Pazia, binti wa Wifi, karibu miaka mitatu, na nadhani ana mimba. Yuko Kidoti, binti wa Kaidi, mwaka mmoja na nusu. Na ndama dume wa Wifi, miezi mitano.

Ndama hulala na mama zao. Maziwa ya kwanza, dang'a, Kaidi hana siku zote, anatoa ya kumnywesha paka. Wifi yeye humwagika. Kwa hiyo nimekuwa nikikamua dang'a ya Wifi na kuwapa wote. Kidoti amekuzwa na maziwa ya Wifi. Nilijiona mjanja sana.

Mama anasema tangu banda liingie mikononi mwangu

Nimekata hapo. Wino ulitaka kunipeleka nisikotaka.

Wako.


11 Mei

Wifi yangu,

Nilikwenda kituoni na kaniki ya kufunikia boksi, na kwenye basi la kurudi kondakta akaniuliza kama nimebeba samaki. Nikamwambia ni mavi, akaniachia kiti kizima.

Damu ya Wifi imejibu bila kusita. Halafu nikapaka kinyesi chake kwenye kioo, nikakitia rangi, nikakiweka chini ya hadubini. Kila kitu kilikuwa buluu, na katikati ya ubuluu huo vijiti vidogo vyekundu, vimelaliana kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Nilipiga kelele ya furaha, Wifi. Kisha nikakumbuka ni ng'ombe wa nani.

Ni bakteria wa utumbo, wa ukoo mmoja na yule wa kifua kikuu. Ulizo lako ni zuri: chakula kinakwenda wapi? Mwili wa ng'ombe, kama wetu, una walinzi wa kuzaliwa nao. Hawangoji kufundishwa adui ni nani. Wakikuta kigeni wanakimeza na kukiyeyusha. Huyu akimezwa hayeyuki. Anazuia kifuko alimomezewa kisipate makali yake ya kuyeyushia, anaketi humo humo ndani ya mlinzi, na kuzaana polepole mno. Bakteria wengi huzaana kwa dakika, yeye siku nzima haimtoshi. Walinzi wengine wanakuja kumzingira mwenzao, wanajazana, ukuta wa utumbo unanenepa, mwishowe chakula kinapita bila kunyonywa. Ng'ombe anashiba na kufa njaa kwa pamoja.

Dawa ya kumponya haipo, nakuambia wazi. Mtenge. Ndama asilale tena kwenye kinyesi cha wakubwa. Dang'a yake isinywewe na yeyote. Maziwa ya nyumbani endeleeni kuyachemsha kama kawaida. Na asiuzwe, Wifi, kwa yeyote, hata akija mtu na maneno matamu, maana atakwenda kuliambukiza banda jingine.

Damu ya Kaidi ni safi. Ndama dume ni mdogo mno kwa vipimo hivi. Ya Pazia na Kidoti haisemi kitu, lakini kwa wadogo damu huchelewa kusema. Vinyesi vyao nimevipanda kwenye chupa. Vitachukua miezi mitatu. Nitumie tena damu ya Kaidi na ya Wifi, nyingi zaidi. Nataka kuwaona hao walinzi wakiwa hai.

Ndama huupata akiwa mdogo, na huonekana baada ya miaka. Kuhusu alikoupatia Wifi, tutazungumza.

Nyundo ya fundi imeanza, nakimbilia kazini.


2 Juni

Wifi,

Huku kuna baridi ya mdomo. Nitaeleza.

Mama alimwita mchuuzi wa ng'ombe kwa ile simu. Nilikuwa nafagia banda, nikasikia lango linafunguliwa, mtu kaja na kamba begani. Mama akasema kutoka dirishani, "Mpe Wifi, aondoke naye kabla hajatufia."

Nikasema, "Mama, siwezi."

"Huwezi nini? Kufungua mlango?"

"Huyu ana ugonjwa unaokwenda na mavi. Atakakolala kesho, ndiko utakakobaki."

Mchuuzi akacheka. "Dada, ng'ombe mgonjwa ni wangu kuhangaika naye."

"Na atakayemnunua kwako? Utamwambia?"

Akaitazama ile kamba yake. Nikasimama mlangoni na fagio, Wifi, kama mgambo. Mwishowe akasema yeye hagombani na wanawake wenye fagio, akaenda zake.

Leo ni siku ya tisa Mama hasemi na mimi. Anapitishia kwa pacha: "Mwambieni mama yenu chai imepoa." Nami najibu kupitia kwao: "Mwambieni Bibi naipasha." Wale watoto sasa wanadai peremende kwa kila ujumbe. Kaka yako alikuja, akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, akaenda kutengeneza bawaba ya lango ambayo haikuwa imeharibika.

Damu nimeituma na basi la leo. Nina maswali yangu nami. Huyo mlinzi aliyemmeza mwizi, kwa nini asimteme? Na wenzake wanaokuja kumzingira, wanapigana au wanashangaa tu? Na Kaidi: miaka minne kwenye banda moja na Wifi, wanapumuliana, wanakanyagiana mavi, na damu yake safi. Ni uzee? Ni ukaidi? Au kuna kitu alichonacho mwenzake hana? Nashinda namtazama kana kwamba ataniambia.

Umeandika ugonjwa huingia utotoni na kuchukua miaka kuonekana. Nimehesabu kwa vidole. Sikuulizi kitu.

Wako wa fagio.


20 Agosti

Wifi yangu,

Nianze kwa kuomba radhi. Nilitaka kukuambia kwamba kazi zilinizidi, tena kweli zilinizidi, lakini barua hii ningeweza kuiandika mwezi wa sita. Nimeianza mara nne. Pacha hawajambo? Goti la Mama?

Nianze na Kaidi, maana hilo ni rahisi kuliko lile jingine. Kutoka kwenye damu zile niliwalea walinzi wa Kaidi katika sahani moja na wa Wifi katika sahani nyingine, nikawapa bakteria sawasawa. Wote walimeza. Siku ya kwanza huwezi kuwatofautisha. Siku ya saba nilihesabu seli mia mbili kwa kila sahani. Za Wifi zilikuwa zimejaa vijiti vyekundu hadi seli zingine zimevimba. Za Kaidi, zaidi ya nusu zilikuwa tupu. Tupu, Wifi! Walikuwa wamewamaliza. Nikahesabu tena kutoka upande wa pili wa kioo nisije nikawa najidanganya.

Umeuliza kama wenzao wanapigana au wanashangaa. Seli hupelekeana ishara. Kuna ishara ya "njooni, kuna vita," na kuna ishara ya "tulieni, yameisha." Zote ni za lazima, bila hiyo ya pili mwili ungejichoma wenyewe. Katika sahani ya Wifi ile ya "tulieni" ilikuwa juu sana tangu mapema, na vita havijaisha. Nani aliyeitoa mapema hivyo, mlinzi mwenyewe au mgeni aliyemo ndani yake, ndilo tunaloumiza nalo kichwa. Na swali lako la kwa nini asimteme sina jibu lake. Profesa wangu wa hapa maabara amenionya nisirukeruke: ng'ombe wawili si ushahidi, tena Kaidi alikutana na ugonjwa akiwa mtu mzima, na watu wazima hawashikwi kirahisi. Ni kweli. Lakini hata yeye amekuja kuchungulia hadubini yangu mara tatu.

Chupa zimejibu. Kidoti anao. Pole sana. Pazia, binti wa Wifi mwenyewe, hana. Usiniulize kwa nini, sijui, na kutojua huku kunaninyima usingizi kuliko nyundo ya fundi.

Sasa lile jingine. Tangu Aprili, uliponiandikia kuhusu uvimbe wa taya, nilijua. Wifi alikuja kwenu ana miezi kumi na minne. Utoto wake haukuwa bandani kwako. Nilimwandikia msimamizi wa lile shamba la chuo nilikomnunua kwa mshahara wangu wa kwanza. Alinijibu kwa mistari miwili: ndiyo, miaka ile walikuwa wanaondoa ng'ombe waliokonda, na mitamba iliuzwa bila kupimwa. Nami nilikuwa nasomea kazi hii hii, Wifi. Nilimtazama macho na kwato, nikamfunga utepe shingoni, nikaona nimefanya jambo.

Ugonjwa nimeuleta mimi.

Na wewe ulijua tangu Juni. Ulihesabu, ukanyamaza. Kaka ameniambia kwa simu Mama anasema nini juu yako. Kwa nini hukumwambia?

Ndani ya bahasha hii kuna barua niliyomwandikia Mama kukiri hayo. Miwani yake najua haimtoshi kwa mwandiko wangu. Msomee.


14 Septemba

Wifi,

Pacha wamepoteza meno ya mbele, wote wawili wiki moja. Goti la Mama ni lile lile. Mama na mimi tunasemeshana sasa, kwa maneno machache yaliyopimwa.

Wifi wetu ametutoka. Aliacha kusimama tarehe ishirini na nane, asubuhi. Daktari Buti akasema tusimtese, akamlaza kwa sindano, akaniuliza kama nataka kuona ndani. Nilidhani nitakimbia. Badala yake nikaomba glavu.

Alikuwa anapasua uani, karibu na shimo tulilochimba. Mama akaita kutoka dirishani anataka kutoka. Kaka yako alikuwapo, akambeba na kiti chake mpaka pale.

Sasa nikuambie alichokuwa akisema, maana umeshakijua: kwamba nina mkono wa birika. Kwamba walipokuwa mikononi mwake ng'ombe walinona, na mimi nawanyima, nauza pumba, wanakufa njaa. Aliwaambia majirani. Alimwambia dereva wa maziwa. Ndiyo maana kila asubuhi nilikuwa najaza kihori mbele ya dirisha lake, ili aone. Aliona, na hakuona.

Daktari akafungua tumbo. Wifi, lilikuwa limejaa. Majani na pumba vilifurika hadi kwenye buti zake. Kisha akavuta utumbo mwembamba, akauchana kwa mkasi. Nilitegemea kitu laini, chembamba. Ulikuwa mnene kama mpira wa bomba, na ndani umejikunja makunyanzi juu ya makunyanzi, kama blanketi lililokamuliwa likaachwa hivyo hivyo. Niliupitisha kidole. Haukunyooka. Nikasema, "Hapa ndipo walinzi walipojazana." Daktari akanitazama, akauliza nimesoma wapi.

Mama aliinama kwenye kiti chake, akalitazama tumbo lile. Akasema, "Kumbe alikuwa anakula." Kisha akaomba arudishwe ndani.

Kipande nimekuwekea kwenye dawa, kinakuja na basi.

Kuhusu barua ya Mama: sijamsomea. Iko chini ya godoro langu. Umeniuliza kwa nini nilinyamaza. Ulipomleta yule ng'ombe, Mama alitembea mtaa mzima akisema binti yangu, binti yangu. Mimi ni mke wa mwanawe, maneno nimeyazoea, yananipita. Wewe ni mwanawe. Jina la mkono wa birika litanitoka siku moja. La kwamba uliiletea nyumba ya mama yako maradhi, je? Na ameshaona tumbo. Yatosha.

Tuache hapo, Wifi.


6 Oktoba

Wifi,

Sitaacha hapo. Nimefurahi kusikia habari za meno, nimelia kusikia habari za Wifi, na kipande cha utumbo kimefika salama. Nimekikata vipande vyembamba kuliko karatasi. Walinzi wamejazana humo kama ulivyosema, na kila mmoja ana vijiti vyake tumboni.

Lakini hilo la godoro sikubali. Unanilinda kama yule mlinzi anavyomfuga mgeni wake, na nyumba nzima inavimba. Sitaki. "Kumbe alikuwa anakula" si kukuomba radhi. Na majirani? Na dereva? Nao waliliona tumbo?

Hujanisitiri mimi tu, umeninyima nafasi ya kusema kosa langu kwa mdomo wangu. Mimi ni mtu wa maabara. Nikikosea hesabu, naandika kwamba nimekosea, na jina langu chini yake. Msomee Mama ile barua. Usipomsomea kufikia mwisho wa mwezi, nitaipiga ile simu ya masikio matano na kuisoma kwa sauti.

Sasa kazi. Pazia atazaa lini? Ndama asiguse sakafu ya banda. Mpokeeni kwenye turubai safi, mumhamishe chumba kingine saa ile ile. Dang'a ya Pazia ipasheni kwa saa nzima, nyuzi sitini, msizidishe. Ikichemka inaganda kama yai. Natuma kipimajoto. Kidoti atengwe na ndama huyo, bila huruma. Na mwambie Daktari achukue damu ya ndama kabla hajanywa tone. Tangu nione zile sahani mbili nataka kujua jambo moja: walinzi wa siku ya kwanza kabisa wana nguvu gani, kabla dunia haijawagusa?

Nakupenda, na nimekasirika.


1 Desemba

Wifi wa maabara,

Tulia sasa, usome taratibu. Kaka yako amemaliza kipande chake cha barabara na yuko nyumbani mwezi mzima. Pacha wameota meno makubwa kuliko nyuso zao.

Barua nilimsomea tarehe thelathini ya Oktoba, siku moja kabla ya simu yako, maana nakujua. Nilisoma kama mtoto wa shule, bila kunyanyua macho. Nilipofika pale ulipoandika "wifi yangu amebeba mzigo wangu," nikaanza kuikunja karatasi, Mama akasema, "Endelea." Nikaendelea. Nilipomaliza akaichukua karatasi, akaikunja, akaitia kifuani, akaomba maji ya kunywa. Basi. Siku hiyo, na ya pili, na wiki nzima. Nikasema moyoni, nilimwambia Wifi tuache.

Pazia alizaa tarehe kumi na nane Novemba, saa nne asubuhi. Jike! Kaka yako na mimi tulishika turubai, Daktari akamvuta, hakugusa hata unyasi. Damu akaichukua pale pale, imekwenda kwako na basi, najua umeipata. Tukamkimbiza stoo kwa toroli. Nilipoingia jikoni kupasha dang'a nikamkuta Mama ameketi mbele ya jiko, miwani puani, kipimajoto mkononi. Alikuwa amejikokota mwenyewe, ameshika ukuta. Akasema, "Sitini, si ndiyo?" Alikaa saa nzima, Wifi, anapunguza moto, anaongeza moto. Ilipopanda sitini na mbili akanifokea mimi, kana kwamba jiko ni mwanangu.

Tangu hapo amekuwa na maswali kuliko mimi. Anataka kujua hao walinzi wa ndama nani kawafundisha. Nikamwambia umesema hawafundishwi, wanazaliwa wanajua. Akasema haiwezekani, hata kunyonya ndama huyu alionyeshwa. Amesema umjibu wewe, si mimi.

Jana ameniambia niketi niandike. Yanayofuata ni maneno yake, sijaongeza wala kupunguza:

"Mwanangu. Barua yako nimeisikia. Nimekaa nayo siku nyingi kwa sababu nilikuwa natafuta mahali pa kukukasirikia, sikupapata. Ulileta ng'ombe kwa mapenzi, hukujua. Mimi nilisema maneno, na nilikuwa na macho. Nilimwona anajaza kihori kila siku na bado nilisema. Dereva wa maziwa nimeshamwambia, na majirani nimewaita wawili wenye midomo mipana, watawafikishia wengine. Jana nimekwenda bandani kwa miguu yangu, nikamwomba wifi yako msamaha kwa mdomo wangu, mbele ya Kaidi na Pazia. Hakunijibu kitu. Alinipa ndoo. Nimeelewa. Mtu akikupa kazi bandani kwake, amekukubali. Njoo nyumbani umwone ndama. Mama yako."

Hayo ni yake. Sasa haya ni yangu, na usije ukamwambia hata siku moja. Ile ndoo sikumpa kama jibu, Wifi. Machozi yalikuwa yananichuruzika hadi shingoni, mikono yote miwili ilikuwa imeshika ndoo na fagio, na nilihitaji mmoja wa kujifutia.